Land Cruiser, Patrol, Defender, Prado, Pajero au Jimny: lipi lililotumika la kwenda nalo porini?

Gari liliponilaza porini siku mbili, injini yake ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni pampu ya umeme ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tangi. Asubuhi nilipofungua swichi niliisikia ikivuma kama kawaida. Mchana, katikati ya mchanga, nikafungua swichi tena na sikusikia kitu. Hakukuwa na moshi, wala kelele, wala taa kwenye dashibodi. Safari nyingine, na gari kuukuu kuliko hilo, sili ya gurudumu la mbele ilianza kuvuja grisi siku tano kabla hatujafika. Kila jioni nililala chini ya gari na tochi, nikaifuta kwa kitambaa, na asubuhi nikaangalia imeongezeka kiasi gani. Tulifika, tukafanya kazi yetu, tukarudi.

Tangu wakati huo, mtu akiniomba nimsaidie kuchagua gari la foowili lililotumika, siulizi lipi haliharibiki. Gari lenye miaka 20 na kilomita 300,000 limeshachoka mahali fulani, liwe la jina gani. Nauliza mambo mawili: likiharibika, litanipa taarifa kabla au litazima ghafla? Na likizima, mikono na boksi la spana vinatosha kulifufua, au mpaka ipatikane kompyuta? Nimeyapanga haya magari sita kwa kipimo hicho.

Mzigo kwanza, jina baadaye

Wengi huanza na jina, kisha wanakuja kugundua gari limelemewa. Piga hesabu. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli ni kama kilo 17. Watu wanne, madumu manne ya maji, mawili ya mafuta, tairi mbili za akiba, hema, jiko na vifaa vya gereji: umeshapita kilo 500, na bado hujaweka nguo. Uwezo wa gari kubeba umeandikwa kwenye kitabu chake. Usome, kisha utoe uzito wa kila chuma kilichoongezwa: bampa la chuma, winchi, keria ya juu, tangi la ziada. Gari lililopambwa hivyo hupendeza machoni, lakini linaweza kuwa limekula nusu ya mzigo wako kabla hujapanda.

La pili ni mafuta. Injini kubwa ya petroli, mathalani ile ya lita 4.5 ya Land Cruiser 80, ikiwa mchangani na mzigo inaweza kunywa lita 25 kwa kila kilomita 100. Tangi la lita 95 linakuwa halifikishi hata kilomita 400. Dizeli hukupeleka mbali zaidi, na haina plagi wala koili za moto za kulowana ukivuka mto. Petroli ina sifa yake: ni tulivu, huwaka upesi kwenye baridi, na injini nyingi za petroli za Kijapani huishi miaka mingi bila kufunguliwa. Kama safari zako ni za siku mbili tatu na vituo vya mafuta viko jirani, usiikatae.

Land Cruiser 80 na Nissan Patrol

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hawa wawili ndio wanaolingana kwelikweli, na mabishano juu yao hayaishi.

Land Cruiser 80 ni la kuanzia 1990 hadi 1997. Patrol lipo la aina mbili za kutazama: Y60, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na Y61, iliyoipokea mwaka 1997 ikadumu miaka mingi. Yote yamejengwa juu ya chesisi ya ngazi (fremu ya boriti mbili ndefu zilizounganishwa kama ngazi), yana springi za koili pande zote nne, na ekseli zake za mbele na nyuma ni za kipande kimoja. Hilo la ekseli lina maana kubwa porini. Jiwe likisukuma tairi moja juu, ekseli nzima huinama na kulikandamiza tairi la upande wa pili chini, kwa hiyo yote mawili yanabaki na kazi. Na ule uwazi kati ya difu (lile boksi la gia lililo kwenye ekseli) na ardhi haupungui hata springi zikilala kwa mzigo.

Kwenye injini ndiko wanakoachana. Kwenye 80, tafuta 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Haina haraka. Mlimani na mzigo utapitwa na kila mtu. Lakini ukiibadilishia oili kwa wakati na maji ya rejeta yakiwa safi, inakwenda masafa ambayo injini nyingi za leo hazitayafikia. Sharti lake ni mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu kwa mpangilio, ambao mimi huubadilisha kila kilomita 100,000 bila kuchelewa. Muuzaji asiye na karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa. Ipo pia 1HD-T yenye tabo, na kuanzia 1995 ikaja 1HD-FT ya valvu 24. Hizi zina nguvu ya kutosha na ni raha kuendesha. 1HD-T za mwanzo zinajulikana kwa beringi za koni rodi kulika mapema, kwa hiyo uliza kama zilishabadilishwa na uone risiti.

Upande wa Patrol, jina la kulikariri ni TD42. Nayo ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, pampu ya kimakanika, na taimingi yake inaendeshwa kwa gia za chuma. Hakuna mkanda wa kukatika. Kwa kipimo changu hapo TD42 inaizidi 1HZ, na nasema hivyo ingawa nimeendesha Land Cruiser miaka mingi zaidi. Shida ni kwamba Y61 nyingi utakazokuta sokoni hazina TD42. Zina ZD30, dizeli ya lita 3.0 ya silinda nne, na zile za miaka ya mwanzo, tangu 2000 hivi, zilijijengea sifa mbaya ya kutoboka pistoni. Tabo ikisukuma hewa kupita kiasi na kihisi cha hewa kikidanganya, joto hupanda ndani ya silinda na dereva haambiwi kitu. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa, lile lisilopiga hodi. Zipo ZD30 zilizotunzwa vizuri zikafungwa geji za joto na za presha ya tabo, na zinafanya kazi. Kununua moja bila kujua historia yake siwezi kumshauri mtu.

Ekseli za mbele za magari haya mawili huzeeka kwa namna inayofanana, na kwa namna ninayoipenda. Pale gurudumu linapogeukia kuna mpira mkubwa wa chuma, na nyuma yake sili inayotenganisha grisi ya joinia (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likigeuka) na oili ya difu. Sili ikichoka, oili ya difu huvuka, huyeyusha grisi, na uchafu mweusi huanza kuteremka kwenye ule mpira hadi kwenye rimu. Unauona kwa macho. Ukiuacha mno, joinia inakauka na kuanza kugonga tik-tik-tik ukikata kona kali. Baina ya doa la kwanza na mlio huo kuna miezi. Kazi ya kuzibadilisha sili ni chafu, inachukua siku nzima, lakini fundi yeyote mwenye subira anaiweza.

Tofauti nyingine: Land Cruiser 80 mengi huvuta magurudumu yote manne muda wote na yana loki ya difu ya kati (inayolazimisha ekseli za mbele na nyuma kuzunguka sawa). Mengine yalitoka kiwandani na loki za difu za mbele na nyuma, na ukikuta hilo likiwa zima, umepata chombo. Patrol huvuta nyuma tu mpaka uingize foowili, na ukisahau kufunga habu za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu), gia imeingia lakini mbele hakuvuti. Mpe fundi asiyejua umeme Patrol, atalitengeneza. Mpe 80, pia atalitengeneza, ila spea za Land Cruiser ndizo zinazopatikana kwa urahisi sehemu nyingi zaidi za dunia. Ndiyo maana mengi huuzwa ghali hata yakiwa yamechakaa, na ndiyo maana Patrol zuri lenye TD42 mara nyingi hukupa gari zima kwa fedha ambayo upande wa pili ingekununulia gari la kufufua.

Neno moja kuhusu Land Cruiser 70, ndugu wa 80 aliyeanza 1984. Ni gari la kazi: springi za nyuma ni zile za vyuma vya kupangana kama lori, kiti kigumu, kelele nyingi, na 1HZ ileile. Kwa mzigo mzito hakuna wa kulifikia katika haya ninayoyalinganisha. Kwa familia yenye watoto na safari ya saa tisa kwenye barabara ya mawimbi, mimi ningechukua 80.

Defender

Defender watu hulipenda kwa moyo, na nawaelewa. Limeinuka mbele na nyuma kiasi kwamba linapanda kingo ambazo magari mengine hukwangua bampa. Bodi yake ni ya paneli za alumini zilizofungwa kwa boliti, unaweza kuifumua na kuiunga kwa spana chache. Huvuta magurudumu yote muda wote, na lina loki ya difu ya kati. Jina hilo lilianza kutumika 1990 na utengenezaji wa lile la asili ukasimama Januari 2016, kwa hiyo unachonunua kinategemea sana mwaka.

200Tdi na 300Tdi, za lita 2.5, ndizo za porini. Pampu ni ya kimakanika, umeme unaohitajika ni mdogo, na ukizijua sauti zake zitakuambia zinachohitaji. 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tatizo la mkanda wa taimingi kwenda upande na kulika, likatengenezewa vifaa vya kulirekebisha. Muulize muuzaji kama vilifungwa. Mwaka 1998 ikaja Td5 ya silinda tano: ina nguvu, taimingi yake ni ya cheni, lakini nozeli zake (vinyunyizio vya mafuta) zinaamriwa na kompyuta na mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme ndani ya tangi. Ina tabia ya oili kupanda ndani ya waya za nozeli mpaka kwenye plagi ya kompyuta. Ukikuta Td5, chomoa ile plagi nyekundu ya kompyuta, uitazame. Ikiwa na oili, waya za nozeli zinahitaji kubadilishwa.

Ila adui wa Defender si injini, ni kutu. Alumini haioti kutu kama chuma, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika: bodi inang'aa huku chesisi ya chuma iliyo chini inaoza kimya. Lala chini. Shika bisibisi, gonga na uchome kwenye boriti ya nyuma, kwenye miguu ya chesisi, na chini ya kioo cha mbele pale miguu ya dereva inapokaa. Sauti ya chuma kizima ni kali. Palipooza hutoa sauti iliyoziba, na bisibisi huzama. Mahali alumini inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiingia, alumini yenyewe huanza kumomonyoka ikawa kama unga mweupe.

Nitasema wazi: Defender la 300Tdi lenye chesisi nzima ni gari la mtu anayependa kushika spana. Litavuja oili hapa na pale, litapitisha mvua kwenye mapaja, na litakuhitaji kila wiki. Kama unataka kugeuza ufunguo na kuondoka, halikufai.

Prado na Pajero

Hawa ni wa watu wanaotumia gari lao mjini siku tano na porini siku mbili, na wengi wetu tuko humo hata kama hatupendi kukiri. Mbele kila gurudumu lina mguu wake unaojitegemea, hivyo barabarani ni laini na imara zaidi. Porini utalipia kidogo: shafti za mbele zimefunikwa kwa mabuti ya mpira ambayo mwiba au jiwe linaweza kuyachana. Buti likichanika utaona grisi imerushwa ndani ya rimu, na hiyo ni taarifa ya kutosha ukiwa na mazoea ya kuchungulia.

Prado 90 lilianza 1996, Prado 120 likafuata 2002. Ukilipata 120 lenye petroli ya lita 4.0, 1GR-FE, ya V6 na cheni ya taimingi, chukua bila hofu kubwa zaidi ya ile ya mafuta. Dizeli za Prado zinahitaji umakini. 1KZ-TE ya lita 3.0 haina ugomvi mpaka ichemke. Ikichemka mara moja tu, silinda hedi yake ya alumini (kifuniko cha juu cha silinda) hupasuka kirahisi, kwa hiyo rejeta na feni ndiyo roho yake. 1KD-FTV iliyoifuata ina nguvu zaidi na kosa la siri zaidi: sili za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, oili hugeuka tope, na tope huziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Siku presha ya oili inapoanguka, injini imekwenda. Mwenye gari aliyebadilisha sili hizo na kufungua sampu kuangalia, mwambie ahsante na ukae naye kuzungumza bei.

Pajero huwa halithaminiwi inavyostahili, labda kwa sababu wengi hulijua kwa ushindi wake mara 12 kwenye mbio za Dakar, magari ambayo hayafanani na lile la sokoni. Kinachonivutia ni mfumo wake wa Super Select: unaweza kuvuta magurudumu yote manne kwenye lami yenye maji bila kuumiza gia boksi, kisha ukafunga difu ya kati ukiingia tope. Kizazi cha pili, cha kuanzia 1991, kina chesisi ya ngazi. Cha tatu, cha kuanzia 1999, bodi na chesisi vimeunganishwa, na nyuma pia kila gurudumu linajitegemea. Kinatulia sana barabarani, kinabeba mzigo kwa heshima, lakini kwenye mashimo ya kupishana tairi hunyanyuka mapema. Dizeli ya lita 3.2 yake ina cheni. Isikilize asubuhi: cheni iliyolegea hukwaruza sekunde chache baada ya kuwaka. Kwa fedha ileile, Pajero mara nyingi litakuwa jipya kwa miaka kadhaa kuliko Prado, na mimi ningelifikiria kwa dhati.

Jimny

Lile la 1998 hadi 2018 lina injini ya petroli ya lita 1.3, chesisi ya ngazi, ekseli za kipande kimoja na gia ya chini (ya mwendo mdogo na nguvu nyingi). Uzito wake ni kama tani moja tu, na kwenye tope laini uzito mdogo unashinda nguvu nyingi. Hupita pale gari la tani mbili na nusu linapozama. Tangi ni lita 40, nafasi ya nyuma ni ya mabegi mawili, na watu watatu ni wengi. Angalia habu zake za mbele zinazofungwa kwa mvuto wa hewa, kwani vimirija vikipasuka mbele hakuvuti. Ukifika kasi fulani usukani ukaanza kutikisika ovyo, beringi za miguu ya mbele au bushi zimekwisha. Kwa watu wawili wenye mizigo michache sioni sababu ya kununua kubwa zaidi.

Siku ya kwenda kuliangalia

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye bomba la juu la rejeta. Likiwa na joto, mtu ameshaficha kitu: injini iliyopashwa hutoa moshi mdogo na huwaka kirahisi. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, tazama rangi ya maji, chovya kidole. Utelezi wa oili ni sababu ya kuondoka. Kisha liwashwe, kifuniko kikiwa wazi, na utazame dakika tano. Mapovu yasiyokoma yanamaanisha gesi ya silinda inapenya kwenye maji, na hedi au gasketi yake imekwisha.

Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Mvuke mwembamba ni wa kawaida kwa dizeli yenye umri. Ikisukuma moshi kwa mapigo na kukutupia matone, ringi za pistoni zimechoka.

Omba kufungua nati ya kujazia oili ya difu, mbele na nyuma, uingize kidole. Oili ya kijivu inayofanana na chai ya maziwa ni oili iliyoingia maji, na hilo gari limezamishwa mtoni. Wauzaji wengi hawategemei kuombwa jambo hili, na namna anavyokujibu itakuonyesha mengi.

Kisha endesha. Ingiza gia ya chini na loki zote, lakini ifanyie ardhi ya mchanga au changarawe: kwenye lami kavu difu zilizofungwa hujikaza na unaweza kuvunja kitu kisicho chako. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kushoto kisha kulia, vioo vikiwa vimeshushwa, na usikilize ile tik-tik ya joinia.

Ukiniuliza mimi na fedha yangu, familia ya watu wanne na safari za wiki mbili, natafuta Patrol lenye TD42, na nisipolipata nasubiri Land Cruiser 80 lenye 1HZ ambalo halijapambwa. Kwa matumizi ya mjini na porini, Prado la petroli au Pajero lenye kitabu cha huduma. Lolote nitakalochukua, sehemu ya fedha naiweka kando kabla ya kununua: oili zote, mikanda, mabomba ya maji, betri, tairi. Na safari ya kwanza inakuwa ya siku mbili, si mbali na fundi, ambapo kila jioni nalala chini yake na tochi na kitambaa kuona linavujia wapi.